Picha ya jino ikitoka hafifu, usikimbilie kuongeza mionzi

Dhana inayoniuma kuliko zote ni hii: picha imetoka hafifu, basi ongeza muda wa mionzi. Mgonjwa anarudishwa kitini, anang'ata filamu nyingine, anapigwa tena, na picha inatoka hafifu vilevile. Mara nyingi kasoro iko chumba cha giza, kule filamu inakosafishwa. Developa, dawa ya maji ya kwanza inayotumbukizwa filamu, ndiyo inayogeuza chembe za fedha zilizopigwa na mionzi kuwa nyeusi. Ikichoka, au ikiwa ya baridi, kazi inaishia njiani na filamu nzima inapauka. Wanaosafisha filamu kwa mkono hufundishwa kuiacha kwenye developa dakika 5 kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Joto likipanda muda hupunguzwa, likishuka huongezwa. Kwa hiyo kabla hujagusa mashine, tumbukiza kipimajoto kwenye developa na uulize ilibadilishwa lini.

Dhana hii ina ndugu yake: "Mimi naitazama tu filamu, ikikolea naitoa." Ndivyo mionzi iliyozidi inavyofichika. Filamu iliyopigwa kupita kiasi hukolea upesi, mtu anaiopoa mapema, picha inapendeza, na hakuna anayejua kwamba kila mgonjwa anapewa mionzi asiyoihitaji. Saa ukutani ingemfichua siku ya kwanza.

"Taa nyekundu ya chumba cha giza haidhuru filamu." Hudhuru, kama chujio lake limepasuka, balbu ni kali mno, au imefungwa karibu na meza, umbali usipungue mita 1.2. Jipime mwenyewe. Fungua filamu mpya gizani, weka sarafu juu yake, washa taa nyekundu, subiri dakika 2 au 3, kisha isafishe kama kawaida. Ukiona duara la sarafu, taa hiyo inachoma filamu zako zote kidogo kidogo, na ule ukungu wa kijivu uliokuwa ukiusingizia mashine umepata mwenyewe.

"Filamu ukiigeuza, picha inatoka tu." Inatoka, ila ndani ya pakiti, nyuma ya filamu, kuna karatasi nyembamba ya risasi. Ukiigeuza, mionzi inapita kwanza kwenye risasi, na picha inakuja imepauka huku ikiwa na michoro kama mifupa ya samaki. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kulia kumekuwa kushoto, na daktari asiyeiona ile michoro anaweza kutoboa jino zima na kuliacha lile bovu. Kile kinundu kidogo kwenye pakiti kimewekwa makusudi: kielekee kwenye koni ya mashine, yaani bomba linaloelekeza mionzi.

"Jino limetoka refu kwa sababu mgonjwa alitikisika." Kutikisika huleta picha yenye ukungu kingoni. Urefu unatokana na mwinamo wa koni: ikilala mno, mizizi hurefuka na ncha zake zinaweza kutoka nje ya filamu, ikisimama mno, meno huwa mafupi kama vigingi. Koni ikikosewa kwa upande, meno hupandana pale yanapogusana, na hapo ndipo uozo wa kati ya meno hujificha. Picha ya namna hiyo haisomeki hata ing'ae vipi.

Na kuna hili la mwisho, ambalo hupuuzwa kwa sababu adhabu yake huchelewa: "Picha ikishaonekana, fiksa na maji si lazima sana." Fiksa, dawa inayofuata baada ya developa, huondoa chembe ambazo hazikupigwa na mionzi, na kwa kawaida hupewa dakika 10, baada yake filamu huoshwa kwa maji yanayotiririka kama dakika 20. Ukikata njia, leo filamu ni safi kabisa. Miaka michache baadaye mgonjwa yuleyule anarudi, unataka kulinganisha mfupa wake wa sasa na wa zamani, unafungua jalada, na unachokikuta ni kipande cha rangi ya kahawia.