Kitanda Kimoja, Bomba Moja: Chimbuko la Sanaa Mpya ya Paris

Mwishoni mwa mwaka 1902, katika chumba kimoja cha Boulevard Voltaire mjini Paris, vijana wawili walikuwa wakipokezana kitanda. Mshairi Max Jacob alilala usiku, kwa kuwa mchana alikuwa na kazi dukani. Pablo Picasso, Mhispania wa miaka 21, alichora usiku kucha, na asubuhi mwenzake alipoamka naye akajitupa palepale, shuka zikiwa bado na joto.

Ninafundisha historia ya sanaa, na kila nikisimulia kisa hiki darasani hakosi mwanafunzi wa kusema kwamba basi msanii hana budi kulala njaa ndipo kipaji kichomoze. Sikubaliani naye hata kidogo. Njaa haijamfundisha mtu kuchora. Vijana wale walikuwa na kitu kingine, nacho ndicho ningependa tukitazame.

Tuanze na jina. Wafaransa waliwaita Waroma, watu wa kuhamahama, "bohémiens", wakidhani wametokea Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Chekia. Katika karne ya 19 jina hilo likahamia kwa waandishi na wachoraji wasio na kazi ya kueleweka. Aliyelieneza zaidi ni Henri Murger, mtoto wa fundi cherehani. Kuanzia 1845 alichapisha gazetini visa vya maisha yake na rafiki zake, ambao walijiita Wanywa Maji kwa sababu divai hawakuimudu. Mwaka 1849 visa hivyo vikawa tamthilia, 1851 vikatoka kama kitabu, na 1896 mtunzi Mwitaliano Puccini akavifanyia opera. Watu walipenda mapenzi na vicheko vilivyomo, wakaliruka onyo lake: Murger aliandika waziwazi kwamba njia ile humfikisha mtu kwenye Akademia, baraza la heshima la waandishi, hospitalini au chumba cha maiti. Yeye mwenyewe alifia hospitalini mwaka 1861, akiwa na miaka 38.

Kwa nini basi watu wenye vipaji waliishi hivyo? Sababu kubwa ni kwamba mlango wa sanaa ulikuwa mmoja. Mchoraji aliyetaka kujulikana na kuuza alipaswa kukubaliwa kwenye maonyesho rasmi ya Salon, na waamuzi wake walitaka kazi za mtindo waliouzoea. Mwaka 1863 walikataa kazi nyingi mno, malalamiko yakafika kwa Kaizari Napoleon III, naye akaamuru zilizokataliwa zionyeshwe kando ili umma ujionee. Umma ulikuja, na wengi waliangua kicheko mbele ya picha ya Édouard Manet ya mwanamke aliye uchi akiwa pikiniki na wanaume waliovaa suti. Leo picha hiyo ni fahari ya Ufaransa.

Sasa nimtaje mtu ambaye vitabu humpitia mbiombio: Émile Goudeau. Alikuwa mshairi, na riziki yake ilitoka kwenye ukarani wa wizara ya fedha. Mwaka 1878 alianzisha klabu ya Wahydropathe, maana yake wachukia maji, ambako yeyote mwenye shairi, wimbo au kichekesho alipanda mbele ya wenzake akakitoa. Hapakuwa na waamuzi. Mwaka 1881 Rodolphe Salis alipofungua kabarei, ukumbi wa vinywaji na burudani, ya Le Chat Noir, yaani Paka Mweusi, chini ya kilima cha Montmartre, Goudeau aliwahamishia watu wake huko, kisha akawa mhariri wa gazeti la mahali hapo. Wahudumu walivishwa majoho ya kijani kama ya wanachama wa Akademia ya Ufaransa. Mtunzi Erik Satie alipiga piano. Mchoraji Henri Rivière alikata vibao vya zinki kwa umbo la watu na wanyama, akavimulika nyuma ya pazia, na vivuli vyake vikawavuta matajiri wa mjini hadi Montmartre.

Katika duru hizohizo, mwaka 1882, Jules Lévy alifanya nyumbani kwake maonyesho ya watu waliojiita Wasio na Mantiki. Paul Bilhaud alileta picha iliyokuwa nyeusi yote, miaka 33 kabla ya mraba mweusi wa mchoraji Malevich wa Urusi unaosifiwa duniani. Lakini tusifiche jambo: jina la picha ile liliwadhihaki watu weusi. Ujasiri wa umbo na dharau ya ubaguzi vilikaa kwenye fremu moja, na anayefundisha la kwanza akaacha la pili anafundisha nusu. Naye mwandishi wa vichekesho Alphonse Allais alichapisha mwaka 1897 muziki wa maziko usio na noti hata moja. Ukimya kama huo mtunzi Mmarekani John Cage aliupeleka jukwaani mwaka 1952.

Picasso alihamia kilimani hukohuko mwaka 1904, kwenye jengo bovu la mbao ambalo Max Jacob aliliita Bateau-Lavoir, kwa kufanana na boti za kufulia nguo za mto Seine. Wapangaji wote walitegemea bomba moja la maji. Baridi iligandisha maji vyomboni, joto likageuza vyumba kuwa tanuri. Fernande Olivier, mpenzi wa Picasso aliyeishi naye humo, alikumbuka panya mweupe ambaye Picasso alimfuga kwenye droo ya meza. Lakini kodi ilikuwa ndogo, na washairi walikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Humo mwaka 1907 Picasso alichora "Les Demoiselles d'Avignon", yaani Mabinti wa Avignon, picha ya wanawake watano iliyowatisha hata rafiki zake. Baadhi ya nyuso zake zimebeba alichokiona kwenye makumbusho ya Trocadéro mwaka huohuo: vinyago vya Afrika, vilivyofika Paris kwa njia za ukoloni. Majina ya mafundi waliovichonga hayakuandikwa. Ninasikitika kila nikionyesha picha hiyo, kwa sababu nao walikuwa wasanii wa chumba kile bila kualikwa.

Kwa hiyo vijana wale walikuwa na kodi ndogo, jirani wa kusoma naye shairi usiku, jukwaa lisilo na mlinzi mlangoni, na gazeti la kuchapisha alichokitunga mtu juzi. Wanajeshi walikuwa na neno la kikosi kinachotangulia, avangadi, na wasanii wakaliazima. Ni rahisi kusahau kwamba kikosi hutangulia kikiwa na watu wengi.

Bateau-Lavoir iliungua mwaka 1970, ikajengwa upya. Uwanja mdogo ulio mbele yake haukupewa jina la Picasso. Unaitwa Place Émile-Goudeau.