Sabo ya injini ni nini, na kwa nini unene si jambo la kwanza

Sabo ni bamba la chuma, alumini au plastiki nene linalofungwa chini ya injini ya pikipiki ili mawe yasiifikie karteri, yaani ganda la chini linaloshika oili. Neno limetoka kwenye Kifaransa, ambako sabot ni kiatu cha mbao. Jina limekaa vizuri: kiatu hakiondoi mawe njiani, kinafanya mguu uyapite.

Mjini Goma maana hiyo inaonekana wazi. Mji huu wa mashariki mwa Kongo umekaa juu ya lava ya volkeno ya Nyiragongo; ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ikaingia Ziwa Kivu. Jiwe lake ni jeusi, lina matundu, na linakwaruza kama msasa. Tena mara nyingi halikulala tu juu ya ardhi, limeshikana na mwamba wa chini. Jiwe la mtoni ukiligonga hubingirika. Hili halisogei, kwa hiyo kinachotakiwa kusogea ni pikipiki yenyewe, iteleze juu yake.

Karteri haiwezi kuteleza. Imetengenezwa kwa alumini ya kusubu yenye unene wa milimita chache, na ikipigwa haibonyei kama sufuria, inapasuka. Palipo dhaifu zaidi ni boliti ya vidanji, yaani ile ya kumwagia oili iliyochakaa, hasa ikiwa kichwa chake kimejitokeza chini: jiwe likikisukuma kwa upande, huvunja na kipande cha ganda kilichoishika. Oili ikishamwagika, beringi za krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, haziendi mbali. Na kulehemu alumini iliyokwisha kunywa oili ni kazi ngumu. Fundi mwaminifu atakuambia injini ifunguliwe kwanza, isafishwe, kisha ilehemiwe kwa gesi ya argoni.

Wengi wakienda kwa fundi huuliza unene tu. Alumini ya milimita 4 inatosha kwa pikipiki nyingi za safari, na chuma cha kawaida cha milimita 2 hadi 3 pia. Tofauti ni uzito: bamba la sentimita 35 kwa 45 la alumini ya milimita 4 lina kama kilo 1.7, ilhali la chuma cha milimita 3 linafika kilo 3.7. Plastiki ngumu ya milimita 10 ni nyepesi na huteleza vizuri kuliko zote, lakini ikikaribia bomba la moshi inalainika. Plastiki nyembamba ambayo pikipiki nyingi hutoka nayo kiwandani si sabo. Kazi yake ni kuzuia kokoto na matope.

Swali kubwa ni hili: pigo linaenda wapi? Sabo nzuri hufungwa kwenye fremu, si kwenye injini. Ukiifunga kwa boliti zinazoingia kwenye karteri, umelijengea jiwe daraja, na masikio ya alumini yanayoshika boliti hizo ndiyo yatakayokatika. Kuna pikipiki ambazo injini yenyewe ni sehemu ya fremu na chini hakuna mabomba ya kufungia; hapo hapana budi kushika injini, basi weka bushi za mpira kila pointi. Kama fremu ina mabomba, tumia klempu za kuzungushia. Kulehemu vishikio moja kwa moja kwenye fremu kunadhoofisha bomba jembamba, na ikibidi, chomoa betri kwanza, vifaa vya umeme visiungue.

Kati ya bamba na karteri acha milimita 10 hadi 15. Pigo likija, bamba linabonyea kidogo, na nafasi hiyo ndiyo inayookoa injini. Kipimo chake ni rahisi. Bandika kibonge cha sabuni laini chini ya boliti ya vidanji, funga sabo, kaza, kisha ifungue tena. Unene wa sabuni iliyobanwa ndio nafasi uliyonayo. Ikiwa nyembamba kama sarafu, ongeza washa nene kwenye vishikio.

Umbo nalo lina kazi. Mbele bamba lipande kwa mshazari, lifunike filta ya oili na mabomba ya moshi yakipita hapo. Nyuma ukingo ukunjwe kuelekea juu, la sivyo siku unarudi kinyumenyume kwenye mwinuko utanasa kama jembe. Kabla ya kuridhika, bana uma wa mbele kwa mikanda hadi mwisho wake uone kama tairi linagusa bamba. Kosa hili hugunduliwa kwenye shimo la kwanza kubwa, na hapo ni kuchelewa.

Boliti za M8, yaani za kipenyo cha milimita 8, zinafaa, vichwa vyake vizame ndani ya bamba au viwe bapa, maana kichwa kilichotokeza husagwa na jiwe mpaka ufunguo haushiki tena. Zipake gundi ya kushika nyuzi za boliti, ya nguvu ya kati, si ile ya kudumu. Toboa tundu la kutosha kupitisha soketi ya vidanji. Bila hilo, kila ukibadilisha oili utafungua sabo nzima, na siku moja utaona uvivu kuirudisha.

Baada ya kuifunga, injini itasikika kwa kelele zaidi. Usiogope: bamba linarudisha sauti juu. Cha kuogopa ni matope yanayoganda kati ya bamba na karteri, kwa kuwa yanazuia hewa ya kupoza na yanaficha oili inayovuja. Yaoshe kila baada ya safari ya mvua. Mara moja kwa mwezi ishushe sabo, uangalie uso wake wa ndani kwa tochi. Alama inayong'aa mkabala na karteri ina maana tayari zimegusana. Lirudishe bamba kwa nyundo juu ya ubao, lakini alumini iliyonyooshwa mara mbili au tatu mahali palepale huanza kupasuka kwenye mkunjo, na ufa huo huanza mwembamba kama unywele, pembeni mwa tundu la boliti.