Shahada ya usimamizi wa anga na biashara haimfanyi mtu rubani

Wengi hudhani anayesoma shahada mbili kwa pamoja, ya usimamizi wa usafiri wa anga na ya biashara, atahitimu akiwa rubani. La. Nchini Australia leseni ya rubani wa kibiashara hutolewa na mamlaka ya anga, CASA, wala si chuo: miaka 18 au zaidi, cheti cha afya cha daraja la 1, mitihani, na saa 150 za kuruka kwa mafunzo unganishi (nadharia na urushaji katika kozi moja mfululizo), au 200 bila hayo. Darasani utakutana na ratiba, usalama, nauli, ukodishaji wa ndege, vitabu vya hesabu za fedha.

Kwa kawaida shahada hizo mbili kwa pamoja ni miaka 4 badala ya 6 ya kuzisoma moja moja, maana masomo ya upande mmoja hujaza nafasi za hiari za upande mwingine. Ndipo wengi hujikwaa: anayelenga uhasibu asipokagua mapema masomo yanayodaiwa na CPA Australia, chama cha kitaaluma cha wahasibu, huongeza muhula.