Mtu wa Juu ya Shimo Ndiye Afundishwe Kwanza

Ajali za mashimo, visima na matangi huwa na mfuatano unaofanana mno. Fundi ameshuka, baada ya dakika chache kimya. Mwenzake anachungulia, anamwona amelala chini, anateremka mbio kumtoa. Naye hasikiki tena. Anakuja wa tatu. Mwaka 1986 NIOSH, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, ilitoa tahadhari kuhusu kazi za maeneo finyu na kueleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa walikuwa wale walioingia kuokoa wenzao.

Kwa sababu hiyo, sisi tunaofundisha usalama kazini hatupaswi kuanza na anayeshuka. Tuanze na anayebaki juu.

Eneo finyu ni mahali ambapo mwili wa mtu unaingia, lakini hapakujengwa ili mtu akae, na njia ya kutoka ni ya shida: shimo la choo, chemba ya majitaka, kisima, tangi la mafuta au la molasi, boila, ghala la mnara la nafaka, vyumba vya chini vya meli. Ukubwa wake unadanganya. Ngama ya meli inaweza kumeza nyumba nzima na bado ikaua watu kama kisima cha uani.

Kinachoua zaidi ni hewa, na hewa hiyo ina hila. Chukua gesi ya yai viza, yaani haidrojeni salfaidi, inayozaliwa kinyesi na uchafu vinapooza pasipo hewa. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini. Pua huinusa hata ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni, ndiyo maana wengi huamini kwamba harufu itawaonya. Lakini ikifika sehemu 100 hadi 150 katika milioni, pua hufa ganzi. Fundi anasema, “Harufu imeisha, sasa tushuke,” wakati ambapo hatari ndiyo imepanda. Ikifika 700 na kuendelea, mtu huanguka baada ya pumzi moja au mbili, hana hata nafasi ya kupiga kelele. Tena gesi hii hufungwa ndani ya tope zito. Shimo linaweza kuonekana salama asubuhi, ukilikoroga kwa koleo ikafumuka yote kwa mkupuo.

Kisima kina mambo yake. Pampu ya kuvuta haiwezi kupandisha maji kutoka kina kinachozidi mita saba au nane hivi, basi mafundi huona njia rahisi ni kuiteremsha yenyewe ndani ya kisima, injini ya petroli na yote. Injini inajaza kisima kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kuizima kisha kushuka hakusaidii, kwa kuwa moshi wake hauna pa kwenda.

Matangi ya chuma ndiyo yanayowashangaza zaidi wanafunzi wetu. Tangi limeoshwa, ni tupu, halinuki chochote. Lakini chuma kinachoshika kutu hula oksijeni, na tangi lililofungwa kwa wiki kadhaa linaweza kubaki na hewa isiyofaa kupumua. Mwili hautakuambia. Ile hali ya kubanwa pumzi huletwa hasa na hewa ya ukaa inayorundikana mwilini, si upungufu wa oksijeni; mtu huingia, anapumua vizuri tu, halafu anazimika.

Wazee walishusha koroboi au mshumaa kisimani: ukizimika, usishuke. Ilikuwa busara ya wakati wake, lakini leo siwezi kuitetea. Moto utawaka vizuri kabisa kwenye gesi ya yai viza inayotosha kuua, na ukikutana na methani ya shimo la choo utalipuka. Barakoa ya kitambaa nayo haichuji gesi, na hata ile ya chujio haiongezi oksijeni pale ambapo haipo.

Kinachotakiwa ni kipima gesi, kishushwe kwa kamba mtu akiwa bado juu, kisomwe karibu na mdomo wa shimo, katikati na chini kabisa. Oksijeni ndiyo ya kwanza, kwani vipima vingi vya gesi zinazowaka husoma vibaya oksijeni ikipungua. Ndipo zifuate gesi zinazowaka, kisha za sumu. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kanuni za Marekani huhesabu kuwa hatari chini ya 19.5 na juu ya 23.5. Kipima kisizimwe baada ya kupima, kiingie na mfanyakazi, kwa sababu ya lile tope nililolitaja.

Hewa safi ipulizwe kwa feni yenye bomba linalofika chini. Feni ikae mbali na mdomo wa shimo, upande unakotoka upepo, mbali na moshi wa jenereta. Nimesikia wachomeleaji wakishauriana kufungulia mtungi wa oksijeni ndani ya tangi ili “kuongeza hewa”. Msifanye hivyo kamwe. Oksijeni ikizidi, nguo na nywele huwaka kwa cheche moja.

Turudi kwa mtu wa juu. Kazi yake ni moja tu: kumwangalia aliye ndani. Hatumwi dukani, hapokei vifaa, haendi kunywa chai. Anajua kusoma kipima, ana njia ya kuwasiliana, na mkononi mwake ana winchi iliyofungwa kwenye stendi ya miguu mitatu, kamba yake ikiwa imeshikana na mkanda wa mwili mzima aliouvaa mwenzake kabla hajashuka. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita. Gari la zimamoto halitawahi, hata likiwa mtaa wa pili.

Ujuzi huu hauji kwa kusomewa karatasi. Mchana wa amani, shusheni gunia la mchanga la kilo 80 kwenye chemba iliyo safi, mtu wa juu alivute peke yake huku saa inahesabu. Akishindwa, mmejua kabla ya msiba. Kanuni za Marekani zinadai vikosi vya uokoaji vifanye zoezi la namna hii angalau mara moja kila miezi 12, na sioni kwa nini kiwanda chetu kifanye pungufu ya hapo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inambebesha mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi na kumpa mafunzo. Kibarua aliyechukuliwa kijiweni kutapisha choo ndiye asiyefikiwa kirahisi, na huyo ndiye anayeshuka zaidi. Mwenye nyumba, ita gari la kunyonya majitaka. Kama gari halipiti uchochoroni, ziko pampu za mkono zinazofanya kazi mtu akiwa juu. Kanuni za Uingereza za mwaka 1997 huanzia hapo hapo: mtu asiingie ikiwa kazi inaweza kufanyika kutoka nje.

Na ikiwa mtu ameshaanguka, mtu wa juu asishuke, na awazuie wengine, hata ndugu wanaolia. Avute kamba. Kama hakuna kamba, aliyeanguka apuliziwe hewa kwa feni huku zimamoto wakipigiwa, namba 114 kwa Tanzania. Akitolewa, alazwe penye hewa ya kutosha. Asipopumua, mkandamizeni kifua bila kupumzika hadi wahudumu wa afya wafike, na waambieni mapema kwamba ametoka shimoni, ili nao wajue wanapambana na gesi.