Je, wajua kwa nini gego la juu huchomwa ganzi mara mbili?

Umekaa kwenye kiti cha daktari wa meno, gego la juu limeshaoza linataka kutoka. Sindano ya kwanza inapita upande wa shavu, unajisemea aah kumbe kawaida tu. Halafu unaambiwa "panua tena", ya pili hiyo inaelekea kwenye kaakaa, yani dari ya mdomo, na hapo machozi yanatoka yenyewe hata uwe mwanaume wa shoka. Sasa ya pili ya nini wakati shavu lishakufa ganzi?

Wengi wanadhani ya kwanza haikushika. Hapana bana. Neva, yani mishipa ya fahamu, zinazoingia ndani ya gego kupitia ncha za mizizi yake, ambayo kwa kawaida ni mitatu, ndo hizo hizo zinazohudumia ufizi wa upande wa shavu, kwa hiyo sindano moja inamaliza vyote viwili. Ila ufizi wa ndani, upande wa kaakaa, una neva yake nyingine kabisa inayotokea kwenye kitundu karibu na gego la mwisho. Ndo maana kuziba jino la juu mara nyingi sindano ya shavu inatosha, lakini kung'oa ni habari nyingine, maana ufizi unabanduliwa pande zote na koleo linabana mpaka ndani.

Na kinachouma pale sio ncha ya sindano sana. Kwenye shavu kuna nyama laini, dawa inapata pa kukaa, ila kaakaa limegandana na mfupa hakuna nafasi, dawa inaingia kwa kulazimisha. Daktari mwenye mkono mzuri anapaka kwanza dawa ya ganzi juu juu, anabonyeza hapo kwa nguvu na kijiti cha pamba, halafu anasukuma matone machache polepole sana. Wengine wanasubiri ya shavu ikolee kisha wanapenyeza dawa kupitia ule ufizi wa katikati ya jino na jino mpaka upande wa pili, mi naona hii ni ya kiungwana zaidi.

Kuna pia ya kuchoma nyuma kabisa ya taya la juu ili kuzima neva ya magego kwa mkupuo, ila pale kuna mishipa mingi ya damu, ikitobolewa shavu linavimba, na gego la kwanza wakati mwingine linabaki na mzizi mmoja ambao haujafa ganzi.

Swali tamu ni hili: ile ya kaakaa inaweza kurukwa? Hapa ndo inaingia atikaini, dawa ya ganzi iliyoanza kutumika Ujerumani 1976 na kuruhusiwa Marekani 2000. Lidokaini tuliyoizoea huwa ya asilimia 2, atikaini ni asilimia 4 na inapenya mafuta ya neva vizuri zaidi. Kwa kuwa mfupa wa taya la juu ni mwembamba na una vitundu vitundu (wa chini ni mnene, ndo maana kule wanaifuata neva huko nyuma), watafiti wakajaribu kuchoma atikaini upande wa shavu tu, wakasubiri dakika kadhaa, wakang'oa. Wagonjwa wengi walivumilia bila sindano ya kaakaa, ila sio wote, wengine ilibidi waongezewe. Mi ningeiamini zaidi kwa yale meno madogo yaliyo mbele ya magego, maana gego la kwanza mfupa wa shavu juu yake ni mnene na mzizi wake wa ndani uko mbali.

Jino lenye usaha nalo linasumbua mbinu zote, kwa sababu pale pana asidi nyingi na dawa inashindwa kuingia kwenye neva vizuri. Ndo maana kabla ya koleo daktari anachokoa ufizi wa ndani kwanza akuulize. Ukisikia kusukumwa na kubanwa tu ni kawaida, ganzi haiui mguso wote, ila ukisikia kuchoma inua mkono aongeze dawa.