Takwimu za Mtoto Zirudi Kijijini

Katika kikao cha tathmini ya lishe wiki iliyopita nilisikia tena kauli ambayo nimeivumilia kwa miaka 11 ya uafisa lishe: kwamba mahudhurio ya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambapo watoto hupimwa kila robo mwaka, yanashuka kwa sababu jamii haina mwamko. Sitaki kuivumilia tena.

Sitaeleza upimaji wa uzito, utoaji wa matone ya vitamini A na unasihi. Kila mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayajua hayo. Nataka kueleza kinachofuata baada ya mizani kufungwa. Mama ameacha palizi na kutembea saa nzima, utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa mtoto wake umesoma njano, yaani kati ya milimita 115 na 125, dalili ya utapiamlo wa kadiri, naye ameambiwa ampe mtoto mlo kamili. Rejista inakwenda zahanati, takwimu zinapanda halmashauri hadi wizarani, na kijijini hairudi hata moja. Robo mwaka inayofuata anaitwa kupima tena. Ningekuwa yeye, nisingekwenda.

Mkoani Iringa, ambako mahindi yanalimwa kwa wingi, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa takriban asilimia 57 ya watoto walio chini ya miaka mitano, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Chakula kuwepo hakutoshi: mtoto wa miezi tisa ambaye mama yake yuko shambani hadi jioni anahitaji mtu wa kumlisha mchana, na jambo hilo huamuliwa na kaya pamoja na serikali ya kijiji. Mimi na mizani yangu hatuna mamlaka nalo. Mpango wa lishe ulioanzishwa mkoani humo humo mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na WHO ulilitambua hili: matokeo ya upimaji yalijadiliwa kijijini kila baada ya miezi mitatu, wanakijiji wakachambua sababu na kuamua hatua, vikiwemo vituo vya kulishia watoto wakati wazazi wako kazini.

Hata hivyo nina mashaka. Udumavu huonekana katika urefu, kwa hiyo kijiji kinaweza kufurahia uzito unaopanda huku watoto wakibaki wafupi. Isitoshe, niliwahi kusoma majina ya watoto wa njano mbele ya mkutano, na mama mmoja hakurudi kliniki kwa miezi mingi. Tangu hapo nasoma idadi tu kwa kila kitongoji, ingawa najua kwamba kwa kuficha jina ninaificha pia kaya inayohitaji jirani wa kuisaidia, na sijapata njia inayoniridhisha.

Mara ya mwisho nilipozisoma idadi hizo, mwenyekiti wa kitongoji kimoja alisimama akauliza: "Hao wanane wa kwangu, mchana wanabaki na nani?" Tulikaa kwenye swali hilo hadi saa kumi jioni, na hakuna aliyeondoka.