Kabla hujapakua programu ya kuhesabu kalori, uliza namba zake zimeandikwa na nani

Kila kampeni ya uzito na afya inapoanza, simu zinazoingia katika kitengo chetu cha malalamiko ya wateja hubadilika kadiri wiki zinavyosogea. Wiki ya kwanza watu huuliza programu ipi ni nzuri. Kufika ya tatu wanauliza kwa nini pesa imekatwa, au kwa nini mizani imegoma ilhali simu inasema wamekula kwa kipimo. Malalamiko hayo mawili yana shina moja. Mtu aliziamini namba za programu bila kuuliza nani aliziandika, kisha akaingiza za kwake bila kuuliza zinakwenda kwa nani.

Niseme mapema kwa niaba ya taasisi: hatupendekezi programu yoyote, hatuna mkataba na mtengenezaji yeyote, na makala hii haichukui nafasi ya daktari wako. Zitakazotajwa kwa jina zimetajwa kwa sababu mambo yao yamo kwenye rekodi za umma.

Na programu haipunguzi uzito. Inachosha kidogo kwamba bado tunalazimika kulisema hili, lakini barua za aina ya "nimelipia miezi mitatu sijapungua, nirudishiwe pesa" bado zinakuja. Programu ni daftari. Ubora wa daftari unategemea kilichoandikwa ndani.

Kuna programu zinazojivunia mamilioni ya vyakula kwenye kanzidata zake. Ukisikia hivyo, shuku kwanza. Mamilioni hayo hayakupitia maabara. Mengi huandikwa na watumiaji kama wewe, mmoja ana haraka, mwingine anakisia. Programu makini hutenganisha vyakula vilivyotoka kwenye kanzidata za kitaalamu, mfano FoodData Central ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyoanza 2019, na vile vilivyoongezwa na watu. Kama skrini haikuonyeshi tofauti hiyo, tafuta nyingine, hata kama hiyo imepambwa vizuri.

Kuna kipimo cha haraka ninachokitumia mwenyewe. Fungua chakula chochote, zidisha gramu za protini kwa 4, za wanga kwa 4, za mafuta kwa 9, kisha jumlisha. (Kilevi ni 7 kwa gramu, kwa wanaohusika.) Jumla ikikaribia kalori zilizoandikwa, endelea, nyuzinyuzi huleta tofauti ndogo na hiyo si kasoro. Hivi karibuni nilikuta jibini limeandikwa kalori 90 kwa kipande huku mafuta yake peke yake yakiwa gramu 12. Gramu 12 za mafuta ni kalori 108 hata kabla hujagusa protini. Aliyeandika hakuwa na nia mbaya. Lakini kila anayelichagua jibini lile anajipunja hesabu. Jaribu vyakula vitano unavyokula mara kwa mara kabla hujalipia chochote. Viwili vikigoma, achana nayo.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo watengenezaji wengi hawalijui kabisa. Kiingereza kinaita mchele na wali kwa neno moja, na programu iliyotafsiriwa harakaharaka inaweza kukuletea vyote viwili chini ya jina moja. Gramu 100 za mchele zina kalori kama 360. Gramu 100 za wali zina kama 130, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Dada mmoja alituandikia kwamba anakula kalori 1,400 kwa siku na hapungui hata nusu kilo. Tulimwomba atueleze anavyopima. Anapima mchele kabla ya kuuosha, gramu 100 za mchana na 100 za jioni, kisha kwenye simu anachagua mstari wa kwanza unaojitokeza, ambao ni wa uliopikwa. Kalori 460 kila siku zilikuwa zinapotea hapo. Mafuta aliyokaangia vitunguu hayakuandikwa kabisa, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120 hivi. Hakuwa mwongo wala mvivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 katika New England Journal of Medicine uliwachunguza watu waliolalamika kwamba hawapungui hata wakila kidogo, ukakuta wanaripoti pungufu ya wanachokula kwa wastani wa asilimia 47. Ndugu zangu, ni kawaida ya binadamu.

Kwa sababu hiyo programu zinazokadiria mlo kwa picha zisikupumbaze. Kamera haioni mafuta yaliyokwisha kunywewa na chakula. Msimbo pau, ile mistari ya kwenye pakiti unayoipiga kwa kamera, unasaidia zaidi, ila nao si msahafu: kanuni za Marekani, kwa mfano, hazihesabu lebo kuwa imekosea mpaka kalori halisi zizidi zilizoandikwa kwa zaidi ya asilimia 20.

Sasa lengo la siku, ile namba kubwa inayokusalimu ukifungua programu. Watu huichukua kama cheti cha maabara. Ni fomula. Inayotumika sana inaitwa Mifflin-St Jeor, ya mwaka 1990, na inahitaji uzito, urefu, umri na jinsia tu. Mwanamke wa kilo 80, sentimita 165, miaka 35 atapewa karibu kalori 1,495 za mwili ukiwa umepumzika. Kisha programu humuuliza anajishughulisha kiasi gani, na hapo ndipo mambo huharibika. Akijibu "kidogo sana" namba inazidishwa kwa 1.2, anapata 1,794. Akijibu "wastani" inazidishwa kwa 1.55, anapata 2,317. Tofauti ni zaidi ya 500, yaani punguzo lote ambalo programu nyingi humwekea mtu ili apungue. Kubofya kitufe kimoja tu kwa kujisifu kunalifuta. Chagua daraja la chini, pima uzito kwa wiki tatu au nne, kisha rekebisha kwa kuangalia mizani. Programu isiyokuruhusu kubadilisha lengo kwa mkono haifai.

Saa janja ni vivyo hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi mwaka 2017; kwenye mapigo ya moyo vingi vilifanya vizuri, lakini kwenye kalori zilizotumika hata kilichokuwa bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Kama programu inakurudishia "kalori za mazoezi" ili uzile, tafuta mahali pa kuzima. Pasipokuwepo, zisahau.

Kabla hujaikabidhi programu mwili wako, ijaribu kwa kuidanganya. Andika kwamba una urefu wa sentimita 170 na kilo 50, na unataka kufika kilo 42. Huyo tayari yuko chini ya uzito unaofaa. Programu yenye akili itakataa au itakuelekeza kwa mtaalamu. Ikikubali na kukupangia ratiba, ifute siku hiyohiyo. Ijaribu pia kwa lengo la kalori 700. Mlo ulio chini ya 800 kwa siku unatakiwa usimamizi wa daktari, na simu si daktari. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wanaotumia insulini, na yeyote aliyewahi kuugua matatizo ya ulaji, wasianze kuhesabu kalori kabla ya kuonana na mhudumu wa afya. Hapa hatuna mjadala.

Nije kwenye malalamiko yenyewe, maana ndiyo yanayojaza meza yetu.

Kuondoa programu kwenye simu hakusitishi malipo. Narudia: kuiondoa hakusitishi malipo. Ukijiunga kupitia Google Play au App Store, usajili uko kwenye akaunti yako ya duka hilo, na utaendelea kukatwa hata simu ikianguka kisimani. Ingia kwenye akaunti ya duka, fungua sehemu ya usajili, chagua programu husika, sitisha, kisha subiri ujumbe wa uthibitisho kwenye barua pepe na uuhifadhi. Kama ulijiunga kupitia tovuti ya kampuni, duka halihusiki. Unasitisha kwenye tovuti hiyohiyo. Kipindi cha majaribio ya bure kwenye duka la Apple husitishwa angalau saa 24 kabla hakijaisha, si dakika ya mwisho. Njia salama zaidi ni kuandika tarehe siku unayojiunga, au kusitisha papo hapo. Mara nyingi huduma itaendelea mpaka muda wa majaribio uishe. Usidhani ni wewe peke yako uliyenaswa. Noom, kampuni ya Marekani ya kupunguza uzito, mwaka 2022 ilikubali kulipa dola milioni 56 taslimu, pamoja na huduma za thamani ya dola milioni 6, kumaliza kesi ya wateja waliolalamikia usajili uliojihuisha wenyewe.

Kufuta akaunti ni jambo la tatu, tofauti na hayo mawili. Tangu 30 Juni 2022 Apple inazitaka programu zinazofungua akaunti zimruhusu mtumiaji kuanzisha ufutaji humo humo ndani, na Google Play ina sharti linalofanana. Kwa hiyo tafuta kitufe hicho kabla ya kujisajili. Angalia pia kama unaweza kupakua kumbukumbu zako. Kwa nini tunasisitiza? Mwaka 2018 taarifa za akaunti zipatazo milioni 150 za MyFitnessPal, programu ya kuhesabu kalori, ziliibwa: majina ya watumiaji, barua pepe na nywila zilizofichwa kwa hesabu za siri. Aliyetumia nywila ileile kwenye barua pepe yake alijiweka pabaya mara mbili.

Uzito, mlo, mzunguko wa hedhi, dawa: hizo ni taarifa za afya, na sheria nyingi huzipa ulinzi wa juu. Chini ya kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi (GDPR), iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, kampuni ina mwezi mmoja kujibu ombi lako la kuona au kufuta taarifa. Muda huo unaweza kuongezwa miezi miwili kwa maombi mazito, lakini lazima ujulishwe ndani ya mwezi wa kwanza. Faini ya juu ni euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya mwaka duniani kote, kutegemea kipi ni kikubwa. Marekani, mwaka 2022, kampuni ya kupunguza uzito ya WW (zamani Weight Watchers) na programu yake ya watoto iitwayo Kurbo zilitozwa dola milioni 1.5 katika shauri la kukusanya taarifa za walio chini ya miaka 13 bila idhini ya wazazi, zikaamriwa pia kufuta mifumo ya kikokotozi iliyotengenezwa kwa taarifa hizo. Wapo wanaotuuliza mgawo wao wa faini ni kiasi gani. Hakuna mgawo. Faini hailipwi kwa mlalamikaji. Fidia ni shauri jingine, na lina njia yake.

Ukitaka kulalamika, mwandikie kwanza mtoa huduma na uhifadhi jibu, au ushahidi kwamba hukujibiwa. Kisha lilete lalamiko lako kwa mamlaka inayohusika ukiambatanisha risiti yenye namba ya muamala, tarehe ya kujiunga, tarehe ya kusitisha na picha ya skrini ya masharti uliyoyakubali. Lalamiko lisilo na namba ya muamala hurudishwa, na mwenye kulirudisha ni mimi. Picha zako za kabla na baada ya kupungua usiziambatanishe. Hatuziombi, watu wanaendelea kuzituma, nasi tukishazipokea tunawajibika kuzitunza.